Hinoki Moja, Kichwa Kimoja

Kibanzi cha hinoki kikisuguliwa kiganjani hutoa harufu inayokaribia ndimu, kisha nyuma yake hufuata kitu kizito zaidi, kama chetezo kilichozimwa muda mfupi uliopita. Mti wenyewe ni wa jamii moja na misaipresi inayopandwa kwenye nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ila hukua polepole mno. Gome lake lina rangi ya kutu na huchanika kwa nyuzi ndefu, na shina hupanda wima bila tawi mpaka mtu achoke shingo kwa kulifuata kwa macho. Katika msitu wa Akasawa, katikati ya Japani, mashina ya namna hiyo yamesimama kundi kwa kundi, na mengi yamepita miaka 300. Mwaka 2001 Wizara ya Mazingira ya Japani ilipochagua mahali 100 panapostahili kutunzwa kwa ajili ya harufu yake, Akasawa ilikuwamo.

Hapo ndipo watu walipokusanyika kwa mara ya kwanza, majira ya kupukutika majani mwaka 1982, kufanya jambo lililokuwa limepewa jina mwaka huohuo: shinrin-yoku, yaani kuoga msitu. Hapahitajiki maji wala sabuni. Mtu huingia msituni, hutembea pasipo haraka, hunusa, husikiliza, huketi, hurudi. Jina lilitungwa na Tomohide Akiyama, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Misitu ya nchi hiyo. Leo limezunguka dunia. Wanaojenga vituo vya mapumziko misituni, kuanzia Ulaya hadi Marekani, hulitaja wanapoeleza kazi yao, nalo huandamana na michoro ya vibanda vya mbao, mabwawa ya maji moto na veranda zinazoelekea kwenye miti.

Lakini kile ambacho watu wanakifuata Akasawa hakikuchorwa na msanifu majengo yeyote. Kilitengenezwa na shoka, kisha na hofu ya shoka, kisha na subira ya miaka mia tatu, na waliolipa gharama yake hawakuwahi kuja hapo kupumzika. Anayetaka kuelewa jinsi ya kujenga mahali pa siha penye kudumu ndani ya msitu hana budi kuanzia kwao.

Bonde la Kiso liko katika mkoa wa Nagano, limebanwa na milima mirefu pande zote mbili. Mashamba ni haba, mpunga hauna nafasi, na tangu zamani riziki ya watu ilikuwa mbao na wasafiri. Barabara kuu ya Nakasendo, iliyounganisha Kyoto na Edo, mji ambao sasa ni Tokyo, ilipita katikati ya bonde, na kando yake kulikuwa na miji 11 ya kubadilishia farasi na kulala. Mmoja wao ni Agematsu, ambao Akasawa iko katika milima yake, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari.

Baada ya vita vya Sekigahara mwaka 1600, ukoo wa Tokugawa ulishika hatamu za nchi na ukaanza kujenga. Ngome za Edo, Sunpu na Nagoya zilihitaji nguzo nene, ndefu, zisizo na vifundo, na hakuna mti uliofaa kuliko hinoki: mwepesi kuchonga, mgumu kuoza, wenye kunyooka. Pembeni mwa kila ngome uliota mji, na kila mji ulihitaji nyumba, madaraja na mahekalu. Wakata miti walipanda Kiso kwa mamia. Magogo yaliteremshwa mto Kiso moja moja, yakigongana kwenye mawe, mpaka Nishikigori, ambako kamba nene zilizokingamishwa mtoni ziliyazuia ili yafungwe pamoja kuwa mashua ya magogo na kuongozwa mpaka bohari za Nagoya. Kisha, mwaka 1657, moto uliteketeza sehemu kubwa ya Edo, na mji mzima ukataka mbao upya.

Milima ya Kiso ikabaki na upara.

Tangu mwaka 1615 bonde lilikuwa mikononi mwa tawi la Tokugawa lililotawala Owari kutoka ngome ya Nagoya. Watawala hao waliona hazina yao ikiisha, na mwaka 1665 wakabadilisha utaratibu mzima. Milima iligawanywa. Ipo iliyoitwa suyama, milima ya viota, ambako mwewe wa kuwindia walitagia. Humo hakuingia mtu. Ipo iliyoitwa tomeyama, milima iliyofungwa, ambako mti mzuri ulihesabiwa kuwa mali ya mtawala. Iliyobaki ilikuwa milima ya wazi, ambako wanakijiji waliweza kuokota kuni na kukata majani. Mwaka 1708 katazo likafuata hadi ndani ya milima hiyo ya wazi: hata huko, hinoki isiguswe, na wala isiguswe miti inayofanana nayo. Orodha ilikuja kukamilika kuwa miti mitano, inayojulikana mpaka leo kama miti mitano ya Kiso: hinoki, sawara, asunaro, koyamaki na nezuko.

Miti inayofanana ilipigwa marufuku ili mtu asipate kisingizio. Hinoki na sawara kwa mbali ni pacha, na hata kwa karibu humchanganya mgeni. Mwenyeji hupindua jani. Chini ya jani la hinoki kuna mistari myeupe midogo inayoungana mfano wa herufi Y. Chini ya sawara mistari hiyo hukutana mfano wa X. Kwenye asunaro ni mipana na myeupe zaidi, mfano wa W. Katika bonde ambamo kukosea mti kungeweza kumfikisha mtu mbele ya hakimu, watoto walilelewa wakijua kusoma majani kabla ya kusoma maandishi.

Adhabu ilibaki katika msemo ambao Kiso haijausahau: hinoki moja, kichwa kimoja. Wengine huongeza: tawi moja, mkono mmoja. Kwa mkulima aliyeamka kila asubuhi na kuutazama mlima uliojaa mbao bora kuliko zote nchini, huku paa la nyumba yake likivuja, msemo huo ulikuwa mzito kwelikweli. Ni haki kusema kwamba watawala wa Owari waliwaachia wenyeji fungu la mbao kila mwaka, na kutokana na fungu hilo zikachipuka kazi za mikono ambazo bado ziko hai: vyombo vya kupaka laka vya Narai na Hirasawa, na vitana vya mbao vya Yabuhara, vyenye meno membamba kama uzi. Ufundi wa bonde hilo ni ufundi wa watu waliofundishwa kutotupa hata kibanzi.

Na msitu ukarudi. Hapa kuna jambo ambalo wageni wengi wa Akasawa hulipita bila kuliona. Miti yake mikubwa karibu yote ni ya rika moja. Haikuachwa na wakataji. Iliota baada yao, kwenye milima iliyokuwa wazi na yenye jua la kutosha miche ya hinoki, kisha ikakingwa na katazo ikiwa ingali midogo. Msitu unaoitwa wa asili, na kwa haki, kwa kuwa hakuna aliyeupanda kwa mkono, ni zao la maamuzi mawili ya binadamu: tamaa iliyoumaliza ule wa kwanza, na amri iliyoulinda wa pili.

Utawala wa Tokugawa ulipoanguka mwaka 1868, watu wa Kiso walitumaini milima ingefunguliwa. Ikawa kinyume. Serikali mpya ya Meiji ilichora mipaka, ikaitangaza milima ya wazi nayo kuwa ya serikali, na mwaka 1889 misitu ikaingizwa katika mali ya kaizari. Mzee wa mji wa Magome, Shimazaki Masaki, alikuwa tayari amepeleka maombi kwa niaba ya vijiji akitaka haki ya zamani ya kuokota na kukata irudishwe. Maombi yalikataliwa, naye akapoteza wadhifa wake. Mwanawe, mwandishi Shimazaki Toson, aliichukua habari ya baba yake na kuifanya uti wa mgongo wa riwaya yake kubwa, Yoake Mae, iliyochapishwa kati ya 1929 na 1935. Anayeandika historia ya mapumziko ya msituni bila kumtaja Masaki anaacha nusu ya habari. Utulivu unaosifiwa leo ulianza kama mlango uliofungwa usoni mwa watu waliouishi msitu huo.

Karne ya 20 ilileta mashine. Mabwawa ya umeme yaliyopangwa kujengwa kwenye mto Kiso yalimaanisha magogo hayangeweza tena kuelea hadi Nagoya, kwa hiyo reli nyembamba ikajengwa kuingia milimani. Mwaka 1916 treni ya kwanza ya msitu ilipanda kutoka Agematsu kuelekea Akasawa ikivutwa na kichwa cha mvuke kilichotengenezwa na kampuni ya Baldwin, Philadelphia, Marekani. Kwa karibu miaka 60 reli hiyo ilibeba magogo, wafanyakazi, mchele, barua, na watoto wa shule. Malori yaliishinda, na mwaka 1975 ikafungwa. Kichwa cha Baldwin bado kipo Akasawa, kimepakwa rangi na kuwekwa mahali ambapo watoto huweza kukiona.

Mkondo mwingine wa historia umepita msituni humo, nao ni hekalu la Ise. Hekalu hili, lililo takatifu kuliko yote katika dini ya Shinto, hujengwa upya kila baada ya miaka 20 kwenye kiwanja kilicho kando ya lile la zamani, kwa vipimo vilevile. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 690, enzi ya Malkia Jito; mara ya 62 ilikuwa 2013. Kila mara huhitajika magogo ya hinoki yapatayo 10,000, na kwa vizazi vingi Kiso ndiyo imekuwa ikiyatoa.

Kwa nchi zinazojadili leo ujenzi endelevu, Ise ina somo linaloonekana kwa macho. Nguzo mbili kuu zinazoshikilia mwamba wa paa, zikisha kutumika miaka 20, hazitupwi. Huchongwa upya kuwa malango kwenye ncha mbili za daraja la Uji, njia ya kuingilia hekaluni. Baada ya miaka mingine 20 malango hayo huhamishiwa Kuwana na Seki, kwenye vituo vya kale vya mahujaji, yakasimama huko miaka 20 tena. Mti mmoja, kazi tatu, miaka 60. Mwaka 1923 hekalu lilianzisha pia mpango wa kukuza hinoki katika msitu wake wenyewe, mpango wa miaka 200. Walioutia saini walijua kwamba hakuna hata mmoja wao angeziona nguzo zake. Katika ujenzi wa 2013, karibu robo ya mbao zilitoka kwenye msitu huo.

Hayo yote yalikuwa nyuma ya Akiyama alipotunga jina lake mwaka 1982. Mbele yake kulikuwa na shida ya siku zile. Mbao za bei nafuu kutoka nje zilikuwa zimejaza soko la Japani tangu miaka ya 1960, na Idara ya Misitu, iliyozoea kujiendesha kwa kuuza magogo, ilikuwa ikizama katika madeni. Mijini, watu walifanya kazi hadi usiku na kusafiri kwa treni zilizosheheni. Akasawa ilikuwa tayari imetengwa tangu mwisho wa miaka ya 1960 kuwa msitu wa mapumziko, wa kwanza wa aina yake nchini. Kuoga msitu kulikuwa njia ya kuwaambia wananchi kwamba mti uliosimama nao una thamani. Wakati huo hakukuwa na kipimo hata kimoja cha kitabibu kilichothibitisha faida yake. Kulikuwa na dhana tu kuhusu mafuta mepesi yanayotolewa na miti, ambayo mwanabiolojia wa Kisovieti Boris Tokin alikuwa ameyapa jina la fitonsidi tangu mwishoni mwa miaka ya 1920.

Vipimo vilikuja baadaye. Mwaka 1990 Yoshifumi Miyazaki, akishirikiana na shirika la utangazaji NHK, alipima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate ya watu waliotembea katika misitu ya mierezi ya kisiwa cha Yakushima. Mwaka 2005 daktari Qing Li aliwachukua wafanyakazi 12 wa kiume kutoka kampuni za Tokyo, akawapeleka siku tatu kwenye misitu ya Iiyama, Nagano, na kupima damu zao. Nguvu ya chembe za kinga zinazoshambulia virusi na seli za saratani ilipanda kwa karibu nusu. Majaribio mengine yaliwahusisha wanafunzi 280 katika misitu 24, nusu yao wakikaa mjini na nusu msituni, kisha wakibadilishana siku ya pili. Msituni mapigo ya moyo yalishuka, kotisoli ikapungua, na shinikizo la damu vilevile.

Matokeo hayo yanatia moyo, ila yasibebeshwe mzigo yasiyoweza kuubeba. Watu 12 ni wachache, na mfanyakazi aliyeondolewa ofisini kwa siku tatu hupumzika hata kama hakuna mti karibu. Linaloaminika zaidi ni lile dogo: mwili wa mtu aliyekaa kimya chini ya miti hutulia, na kutulia huko hupimika. Kwa msitu uliogharimu kiasi kile, hilo linatosha kuheshimiwa.

Mwaka 2006 Akasawa iliingia katika kundi la kwanza la misitu iliyothibitishwa rasmi kuwa vituo vya tiba ya msitu. Leo nchi nzima vimepita 60. Kuthibitishwa kunataka msitu wenyewe ufanyiwe majaribio, watu wakipimwa ndani yake na kulinganishwa na waliotembea mjini. Utaratibu huo unapendeza kwa kuwa unauliza swali sahihi kwanza: msitu huu unafanya nini kwa mwili wa binadamu? Majengo hufuata baadaye, kama yanahitajika.

Na Akasawa yamehitajika machache. Msitu una ukubwa wa hekta zipatazo 730, na ndani yake kuna njia nane za kutembea, baadhi fupi za wazee na nyingine ndefu za wenye miguu imara. Njia moja imetandikwa mbao sawasawa ili kiti cha magurudumu kipite hadi kando ya mto, ambako maji ni maangavu kiasi kwamba mawe ya chini huonekana yana rangi ya yai. Reli iliyofungwa ilirudishwa mwaka 1987, kipande cha kilomita 1.1 tu, na treni hutembea polepole kando ya kijito ikiwa na mabehewa yaliyo wazi. Kuanzia mwanzo wa Novemba hivi hadi mwishoni mwa Aprili lango hufungwa. Theluji inatawala, na kwa takribani nusu mwaka msitu haupokei mtu.

Kufungwa huko ni sehemu ya usanifu. Wanaobuni vituo vya mapumziko hujitahidi mno kujaza vyumba mwaka mzima, na hesabu za benki huwalazimisha. Akasawa imekubali kuwa tupu. Udongo unaokanyagwa na maelfu ya viatu majira ya joto hupata muda wa kupumua, na mizizi ya hinoki, inayosambaa juujuu tu karibu na uso wa ardhi, haikanyagwi kipindi chote cha theluji. Mtu anayetembea pale mwezi Mei anakanyaga ardhi iliyopumzika kabla yake.

Lipo hata hivyo tatizo ambalo lango haliwezi kulizuia. Chini ya hinoki kubwa hakuna hinoki ndogo za kutosha. Kivuli cha miti ya miaka 300 ni kizito, na mche wa hinoki unahitaji mwanga. Mti unaostahimili kivuli hicho ni asunaro. Jina lake, kwa jinsi Wajapani wanavyolieleza tangu zamani, linamaanisha "kesho nitakuwa", yaani kesho nitakuwa hinoki: mti unaofanana na hinoki na kuutamani ukuu wake. Miche yake imejaa chini ya msitu, mibichi, minene, ikisubiri. Mzee mmoja akianguka, asunaro ndiyo itakayopanda kuchukua pengo. Msitu ukiachwa bila kuguswa kabisa, baada ya karne kadhaa Akasawa inaweza kuwa msitu wa asunaro. Wataalamu wa misitu wa Kiso wanajua, na ndiyo maana swali la lini kukata, wapi kufungua mwanga na kiasi gani cha asunaro kuondoa ni swali hai kwao. Katazo liliuokoa msitu huu ulipokuwa mchanga. Uzeeni unahitaji mkono pia.

Mwezi Juni 2025 mashoka yaliingia tena katika milima ya Agematsu, kwa ajili ya Ise. Matayarisho ya hekalu la 2033 huanza kwa ibada ya kukata miti miwili ya hinoki yenye umri wa karibu miaka 300, mmoja kwa hekalu la ndani na mwingine kwa la nje. Hautumiki msumeno. Wakataji waliovaa mavazi meupe hulichimba shina kwa shoka kutoka pande tatu, mpaka katikati pawe wazi na mti ubaki umesimama juu ya miguu mitatu myembamba ya mbao hai. Vibanzi huruka, na harufu hujaa mlimani kote. Kabla ya pigo la mwisho kiongozi wao hupaza sauti kumwarifu mungu wa mlima kwamba mti unakwenda kulala. Mguu wa nyuma hukatwa, nyuzi hulia, na mti hulala pale walipopanga ulale. Wa pili hulazwa juu yake, ukiukingama.

Watu wanapoanza kuteremka, mkataji mmoja hubaki nyuma. Huchukua tawi bichi kutoka kileleni mwa mti ulioanguka, hulichomeka wima katikati ya kisiki, na kuinama.